Wifi Alipoanika Titi Langu

Amahoro, mama zangu wa kikundi chetu! Amahoro na nyinyi wanaume watatu mumekaa karibu ya mulango. Musikimbie. Ndiyo, leo naongea mambo ya titi, lakini hata nyinyi mulinyonya.

Munanijua miye. Nauza ndagala, hizi samaki ndogo za ziwa, hapa Minago, na nikiita wateja, watu wa ng'ambo kule Kongo wanageuka. Basi hii sauti ilikauka siku moja nikiwa naoga. Niligusa titi ya kushoto, nikakuta kitu kigumu. Muganga alisema iko kama mbegu ya muchikichi. Miye niliona nazi nzima! Muntu akiogopa, kila kitu kinanenepa.

Muganga wa Rumonge akanidunga sindano nene kama mupini wa jembe, akatoa kipande kidogo cha ile uvimbe. Akakitia mu kachupa kenye maji ya dawa. "Hii ifike labo ya Bujumbura kesho," akasema. "Wataangalia kama ni kansa, na kansa ya namna gani. Bila ile jibu, dawa nitakupa kwa kubahatisha."

Kachupa nikamupa wifi yangu, dada ya bwana yangu, apeleke. Jina sitaji, lakini ni yule anajificha nyuma ya kitambaa pale. Nawaambia, ndugu zangu, kwa kukausha ndagala, tangu hapa mpaka Kabezi huyo mama hana mwenzake. Ndagala yake ukiisahau miaka mitatu, inakungoja. Sasa akafungua kachupa, akanusa. Akapiga chafya, kuku zote zikatawanyika.

"Yoo! Wameweka nyama ya wifi yangu mu maji imeoza!"

Akamwaga ile maji. Akaosha kipande, akatia chumvi, akakianika juani juu ya kichanja, pamoja na ndagala. Akakaa pembeni na fimbo, anafukuza kunguru. Ndugu zangu, bwana yangu mwenyewe hajawahi kuchunga hii titi namna ile!

Kesho yake akakipeleka Bujumbura, amekifunga mu kitambaa safi. Mama wa labo akafungua, akaangalia.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni wifi yangu," akajibu, kifua mbele. "Amekauka muzuri. Hata mwezi haozi."

Yule mama wa labo, Mungu amubariki, hakucheka, hakutukana. Akamukalisha. "Ile maji ya kunuka ndiyo ilikuwa inachunga nyama, mama. Sikia. Kansa zingine ziko na kitu kama masikio. Homoni ya mwanamuke ikisema 'kua', zinasikia, zinakua. Hizo tuko na kidonge cha kuziba masikio. Zingine hazina masikio, zinataka dawa ingine. Sasa hapa chumvi na jua vimeharibu, siwezi kujua. Inabidi watoe kipande kingine." Akamupigia muganga wetu yeye mwenyewe, na simu yake.

Miye nikakataa. "Hii titi si mukate! Wanakata, wanakata, wanangoja chai?" Munacheka, lakini siku ile sikuwa nacheza. Niligeukia ukuta, nikasema nitakufa na titi yangu nzima. Hata ndagala niliacha kuuza.

Wifi akakaa kwa mulango, haingii.

"Basi wanikate miye," akasema.

"Wewe hauna uvimbe!"

"Watafute. Mwili mukubwa hivi, hawawezi kukosa kitu."

Nilicheka mpaka nikalia. Nikilia ndiyo nikaona: huyu muntu ananitaka niishi. Nikaamka, nikafunga kitenge. Twende.

Kachupa ya pili wifi aliibeba mu mapaja. Kwa kizuizi cha Gitaza polisi akauliza, "Umebeba nini? Fungua."

"Afande, unifunge miye. Hii haifunguliwi. Iko muntu ndani."

Polisi akarudi nyuma! Na wifi alivyoishika na nguvu, mpaka leo vidole vyake havijanyooka.

Jibu likarudi. Kansa, ndiyo. Lakini iko na masikio! Muganga alisema iko nayo mengi tu. Makubwa kama ya tembo, hiyo nimeongeza miye. Wakatoa titi, na sasa nakunywa kidonge kila siku, miaka kadhaa. Na sauti munaisikia.

Murakoze, asanteni, nyinyi wa kikundi mulioniuzia ndagala nikiwa kitandani. Murakoze, muganga. Na yule mama wa labo! Kuona masikio ya kitu kidogo hivyo, kujua kama yanasikia! Miye masikio ya bwana yangu nayaona kila siku, na bado sijui kama yanasikia.

Jambo moja nawaachia. Mwenzetu mumoja humu aliniomba nimugawie kidonge. Miye sinyimi muntu chumvi, lakini kidonge nilimunyima. Walipopima ya kwake, haikuwa na masikio. Changu kingeziba nini? Alipata dawa yake, yuko hapa, ananicheka. Basi ukigusa kitu kigumu, nenda upesi, na kipimwe kipande chako, si cha jirani. Na ile maji, mama zangu, hata inuke namna gani, musimwage!

Wifi, toka nyuma ya kitambaa, wakuone. Huyu kila asubuhi anapiga kelele toka kwake: "Wifi! Umeziba masikio?" Minago yote inasikia. Ile kansa tu ndiyo haisikii.