Stella Kiden, Mama Aliyeitembeza Koboko

Stella Kiden alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Lurujo, wilaya ya Koboko. Baba yake, marehemu Mzee Yakani, alikuwa askari, na mama yake alilima mihogo na ufuta. Kiswahili alikipata kwa baba, kile cha kambini cha kutoa amri, na hadi mwisho wa maisha yake hakujua kuongea kwa sauti ya chini.

Alianza shule Koboko. Vita vya mwaka 1979 viliisukuma familia kuvuka mpaka kwenda Kongo, akasomea huko ukimbizini mpaka waliporudi nyumbani mwaka 1986. Alimaliza kidato cha nne Mvara, Arua, mwaka 1990. Alikuwa mlinda goli wa netiboli, na waliosoma naye wanakumbuka jinsi alivyowapigia kelele hata wachezaji wa timu pinzani kwamba wanakimbia kivivu.

Mwaka 1992 alifungua banda la ushonaji katika soko la Koboko. Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Moris Duku, dereva wa lori, katika kanisa la Mvara, na Mungu akawajalia watoto watatu. Biashara ilishika. Stella alikaa kwenye cherehani kutwa nzima, chapati na soda zikimfuata pale pale, na mwili ukaongezeka. Moris alijivunia, kwa maana kwetu mke akinenepa mume ndiye anayesifiwa. Lakini Stella aliyajua yake: magoti yalimuuma, pumzi ilikatika akiwa amekaa, na kutoka sokoni hadi nyumbani ilimbidi apande pikipiki ya boda.

Mwaka 2017 aliamua kupungua, tena haraka, kama alivyofanya mambo yake yote. Alinunua vidonge vya kukondesha kwa mchuuzi wa barabarani, akaacha kula, na asubuhi moja akatoka mbio. Hakufika mbali. Alianguka kando ya barabara, na Asuman, mwenyekiti wa stegi, kituo cha boda, akambeba hadi kituo cha afya.

Muzamili, mhudumu aliyempokea, alimpima presha, akaipima tena, kisha akaomba kuona vile vidonge.

"Hii nakuharisha tu, Mama," alimwambia. "Hii dawa natoa maji kwa mwili, mafuta nabaki. Na wewe iko na presha kubwa. Nani alikutuma kukimbia?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi jitume kutembea. Kwanza dawa, presha ishuke. Halafu tembea pole pole mahali tambarare. Ukiweza kuongea, endelea. Ukishindwa kuongea, punguza. Kifua ikiuma, simama, kuja hapa."

Kwa Stella hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote: mazoezi ambayo kipimo chake ni kuongea. Alimeza dawa zake kila siku, akapunguza posho, yaani ugali, na mafuta, akajaza sahani mboga za majani na maharage, na soda akaiacha kabisa. Alipoona kutembea peke yake kunampotezea maneno, alimvuta jirani yake wa sokoni, Kulusum, na Kulusum akawavuta wengine. Wakristo kwa Waislamu, kila alfajiri baada ya swala, walitembea wakizungumza mji mzima ukiwasikia.

Mwili ulipungua taratibu, mwezi kwa mwezi, na hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Hapa kwetu mtu akikonda watu humtafutia ugonjwa. Dada yake Moris, jina lake Afisa, alisafiri kutoka Arua kuja kuuliza.

"Mke ya kaka yangu, sema tu. Iko na ugonjwa gani? Sisi tutakubeba."

Stella alicheka hadi akakaa chini. "Kesho vaa raba," alisema. "Utaniuliza njiani."

Afisa alivaa raba. Kabla hawajafika sokoni alikuwa hana pumzi ya kuuliza chochote, na Stella alimpunguzia mwendo huku akimsimulia habari zote za ukoo. Tangu siku hiyo mtetezi wake mkubwa alikuwa Afisa.

Lakini furaha yake kubwa ilikuja mwaka 2022. Baada ya kuwafuata viongozi wa mji bila kuchoka, alikubaliwa kuifunga barabara ya soko Jumapili moja asubuhi. Watu walifurika! Wanawake walivaa vitenge na raba, wazee walishika fimbo, Asuman na vijana wake waliegesha boda zao wakatembea kwa miguu, na Stella mbele na filimbi. Mwishoni Muzamili na wenzake walipima presha na sukari bure chini ya turubai. Wanaume waliokuja kucheka walijikuta kwenye foleni. Mmoja wao, Mzee Drani, askari mstaafu, alikutwa na presha ya kutisha akapelekwa hospitali saa ile ile. Leo yuko hai, tumesimama naye hapa makaburini.

Mwaka 2023 alihamia Mvara kwa binti yake, na hazikupita siku nyingi Mvara nayo ikaanza kutembea. Julai 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, imeshasambaa. Alitibiwa Arua na Kampala. Daktari alisema moyo wake ulistahimili dawa nzito kwa sababu ulikuwa na nguvu. Alipodhoofika, maneno yakarudi kwamba mazoezi yamemmaliza. Alimwita Afisa kitandani.

"Siku ya kunizika, someni ukweli," alisema. "Ni kansa. Mkinyamaza, watu watarudi kukaa."

Basi tunasoma: ni saratani. Kina mama, vimbe msizifiche, nendeni mkapimwe mapema.

Stella alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, nyumbani Mvara, akiwa na umri wa miaka 53. Ameacha mume, Moris Duku, watoto watatu, Yengi, Loro na Shamim, wajukuu wanne, wifi yake Afisa, na watembeaji wa Koboko na Mvara. Jumapili ijayo wanatoka kama kawaida, na Afisa ndiye atakayetangulia.

Pumzika sasa, Mama, katika amani ya Bwana.