Miguu ya Uhuru

THAYER: Haloo? Umempata mheshimiwa katibu wa Chama cha Historia, bweni la pili. Nani mwenzangu?

MZEE PROUTY: Lyman Prouty, wa hapa mjini, karibu na daraja.

THAYER: Prouty... Shikamoo, mzee.

MZEE PROUTY: Marahaba. Ile karatasi ya vitabu vya kusoma kuhusu vita vya uhuru wa Marekani, mliyobandika pale maktaba yetu, ni wewe uliyeiandika?

THAYER: Mimi katibu tu, mzee, wenzangu ndio —

MZEE PROUTY: Chini kuna jina lako na namba hii.

THAYER: Basi ni mimi.

MZEE PROUTY: Vingine vyote nimevikuta rafuni. Cha mwisho sikipati. *Miguu ya Uhuru: Maisha ya Eliphalet Prouty*. Bi Corliss wa maktaba ameulizia mpaka Boston.

(Simu inakwaruza.)

THAYER: Mtandao mbaya, mzee, sikusikii viz —

MZEE PROUTY: Mimi nakusikia vizuri. Kwenye karatasi mmeandika kwamba babu yetu Eliphalet hakuwakimbia Waingereza pale darajani. Alikimbia kuleta baruti. Kijana, ukoo wetu umelingoja neno hilo tangu askari wa Kiingereza, wale makoti mekundu, waondoke.

THAYER: Mzee, sisi tuli —

MZEE PROUTY: Unajua Siku ya Wazalendo, tunapokumbuka vita vile, kila ukoo huigiza babu yake. Kina Tuttle hufyatua bunduki. Kina Bascom hufa, tena hufa kwa madaha. Sisi hukimbia. Tunakata tope la pale darajani mpaka ukuta wa mawe, na watu wanatulilia koo-koo-koo kama kuku. Baba alikimbia. Mimi nimekimbia mpaka goti likagoma. Jumatatu ni zamu ya Hattie, mjukuu wangu.

THAYER: Namjua. Yaani... huwa tunakuja kutazama.

MZEE PROUTY: Mnakaa wapi?

THAYER: Ukutani.

MZEE PROUTY: Aa. Kumbe kuku wenyewe ni nyinyi.

(Thayer anakohoa.)

MZEE PROUTY: Haya. Nimemchongea Hattie kikasha cha baruti. Kamati imekubali mwaka huu akimbie, halafu arudi nacho darajani, mradi niwaonyeshe kitabu. Wanakutana leo jioni. Nitakipata wapi?

THAYER: Nakala zake ni chache, mzee.

MZEE PROUTY: Chache kiasi gani?

(Simu inakwaruza.)

MZEE PROUTY: Kijana?

THAYER: Hazifiki hata moja.

MZEE PROUTY: Na mimi nikadhani ni maktaba yetu tu iliyo ndogo.

THAYER: Ulikuwa utani. Hilo neno “miguu”... bweni zima tulicheka.

MZEE PROUTY: Ni jina zuri. Hattie amelichora kwenye kikasha.

THAYER: Nitakuja kwenye kamati niseme mwenyewe. Na Jumatatu, tafadhali, niache nikimbie mimi.

MZEE PROUTY: Wewe si Prouty.

THAYER: Sawa, mzee.

MZEE PROUTY: Kukimbia ni kwetu. Kamati utawaambia wewe. Na Hattie utamwambia wewe, mimi sitaweza. Amesimama hapa mlangoni, ananitazama mdomo.

THAYER: Sasa hivi? Mzee, kengele ya masomo hiyo inalia, lazima ni —

MZEE PROUTY: Hattie, njoo. Ni yule kijana wa kitabu.

THAYER: Mzee Prouty, subiri —

HATTIE: Haloo? Kina picha?