Gunia Ambalo Kiende Alikataa Kulishona

Risala ya wafanyakazi wa kituo cha viazi cha Kiirua, iliyosomwa na katibu wao, Riungu, siku ya kufunguliwa kwa ghala

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, chifu wetu, watumishi wa Mungu kutoka makanisani na msikitini, wakulima, wanunuzi, nanyi nyote mliovumilia baridi ya asubuhi hii: tunawasalimu kwa heshima, na tunasema karibuni Kiirua.

Sisi ni wachambuzi, wapimaji, washonaji na wapakiaji wa viazi, au waru kama tunavyoviita nyumbani. Mikono uliyoishika pale langoni, mgeni rasmi, ina nyufa zilizojaa udongo. Sabuni imejaribu, ikashindwa. Usidhani tulisahau kunawa.

Tuliombwa tueleze jinsi kazi zilivyoongezeka mahali hapa. Tulipokaa kuandika, tuliona kwamba hatuwezi kulieleza jambo hilo bila kumtaja mwenzetu mmoja, Kiende, Mama Mutegi, mshonaji wa magunia. Ameketi pale safu ya tatu, mwenye sweta ya kijani. Yeye mwenyewe hakutaka. Alisema tuandike habari za barabara. Tulipiga kura, akashindwa.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walichuma pareto. Baada ya uhuru, kila boma la hapa lilikuwa na matuta machache ya maua yale meupe, na kina mama waliyapeleka ghalani mwa ushirika kwa vikapu. Kisha bei ikaanguka, malipo yakachelewa, watu wakang'oa. Wengine wakaenda kuvuna ngano katika mashamba makubwa ya upande wa juu. Mashine zikaja, na kazi ya watu arobaini ikafanywa na dereva mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kivuli. Vijana wetu wakatawanyika, huyu Nanyuki, yule Meru mjini, mwingine Kangeta kwenye miraa. Waliobaki walilima viazi.

Viazi vilileta malori, na malori yakaleta vibarua. Tulikuwa watu kumi na tisa, tukingoja kando ya barabara. Lori likisimama tulikula, lisiposimama tulirudi nyumbani na mikono mitupu. Aliyekuwa na malori alikuwa dalali mmoja aitwaye Ndambiri. Alikuwa mtu wa utani, alitujua kwa majina, na mtoto wa mtu akilazwa alichanga. Hatukumwona kuwa mtu mbaya, na hata leo hatusemi alikuwa mbaya peke yake.

Ndambiri alinunua kwa gunia la mukurino. Mgeni rasmi unalijua, lakini tulieleze kwa ajili ya wasiolijua: gunia likijaa hadi mdomoni, linaongezwa wavu juu yake, viazi vinarundikwa tena mpaka gunia linaonekana limevaa kilemba, kisha linashonwa. Mkulima hulipwa gunia moja. Sheria ya kilo hamsini, kwamba gunia lisizidi uzito huo, ilikuwepo. Tuliisikia redioni kama watu wanavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine.

Kazi ya kuvisha vile vilemba ilikuwa ya Kiende. Alikuwa hodari kuliko wote. Kwa sindano yake ya gunia na kamba ya manila aliweza kupandisha wavu ukasimama kama ukuta. Ndambiri alizoea kusema, "Mama Mutegi akishona, hata lori likipinduka, kiazi hakitoki." Naye alizipokea sifa hizo, maana alikuwa mjane na sindano ile ndiyo iliyokuwa shamba lake.

SIKU YA MAVUNO YA MZEE MUTHAMIA

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, mwaka wa 2022. Mzee Muthamia, ambaye boma lake liko pale ng'ambo ya barabara, aliletewa viazi vyake kwa mkokoteni, safari nne. Alikuwa ametarajia magunia kumi na mawili. Tulipomaliza kurundika, yalitoka saba.

Mzee hakupiga kelele. Aliyahesabu, akayahesabu tena akiyagusa moja moja kwa fimbo, kisha akakaa chini palepale, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Akauliza, si kwa hasira, "Hivi nilikosea kupanda?"

Kiende alikuwa ameshona matano. La sita lilikuwa mbele yake, kilemba kimesimama, sindano imeshaingia tundu la kwanza. Alitueleza baadaye kwamba lile swali lilimwingia mahali ambapo hakujua pana uwazi. Alimwangalia mzee, akaiangalia mikono yake mwenyewe, akaikata kamba.

"Sishoni hili," akasema.

Ndambiri alidhani kamba imeisha. Akaagiza nyingine iletwe.

"Kamba iko. Nimesema sishoni. Toa huo wavu, nitashona mdomo wa gunia kama Mungu alivyoumba gunia."

Ndambiri akacheka, nasi tukacheka, maana ndivyo tulivyozoea. Kisha akaona hacheki.

"Mama Mutegi, wewe unalipwa kushona. Hulipwi kupima."

"Ndiyo. Na mkono unaoshona ni wangu. Wewe ukirundika, bado mzee anaona. Mimi nikishafunga, imekwisha. Basi mwizi ni nani hapo, wewe au mimi?"

"Nitatafuta mwingine wa kushona."

"Tafuta."

Ndambiri alituangalia sote, mmoja mmoja. Kulikuwa na wawili waliojua kushona, na wote wawili waliinama kuangalia viatu vyao. Hawakufanya hivyo kwa ushujaa, mgeni rasmi. Walikuwa na aibu mbele ya mzee, na aibu si ushujaa. Ndambiri akapanda lori lake lenye nusu ya mzigo, akaondoka. Wiki iliyofuata tulimngoja tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuja. Tulisikia ananunua upande mwingine wa mlima, na madalali wenzake wamemfuata.

MIEZI MINNE NA NUSU

Hapa ndipo palipotupa taabu kuandika.

Watu kumi na tisa walikosa kazi, na hatukumlaumu Ndambiri. Tulimlaumu Kiende. Tulimwita mwenye kiburi. Tulisema mjane asiye na mtoto mdogo anaweza kujipatia usafi wa moyo, sisi wenye watoto hatuna nafasi hiyo. Chama cha akina mama kilimwondoa kwenye mzunguko wa kuchangiana fedha. Mwenzetu Riungu, huyu huyu anayesoma mbele yako sasa, alienda nyumbani kwake akiwa na wanaume wawili, wakamtaka ampigie Ndambiri simu aombe msamaha. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliwakaribisha chai. Waliikataa.

"Simu sitapiga," aliwaambia. "Lakini nikipata njia ya kazi, nitawaita."

Walitoka wakimcheka.

Yeye akaenda kung'oa magugu kwenye mashamba ya mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, kibarua cha kuinama kutwa kwa mtu aliyezoea kusimama. Jioni alizunguka akiuliza jambo moja: ile mizani ya ushirika wa pareto ilienda wapi? Aliipata nyuma ya ghala lililofungwa, kuku wameifanya kiota. Mzee aliyetunza funguo alimwambia, "Chukua, imekaa bure kuliko mimi." Aliisukuma kwa toroli kilomita mbili. Mzee Muthamia, ambaye alijiona ndiye chanzo cha taabu zote, alimpa nafasi mbele ya boma lake kando ya barabara. Fundi aliitengeneza, na afisa wa vipimo akaja, akaijaribu kwa mawe yake ya chuma, akaipiga muhuri.

Kwa hiyo kukawa na mizani, mwanamke na mzee. Mnunuzi hakuwepo. Tulipita barabarani tukiwaona wamekaa, tukasema moyoni, na wengine kwa mdomo, kwamba wamerukwa na akili.

Mwezi wa saba ilisimama pikapu nyeupe yenye vumbi la safari ndefu. Alishuka mama wa makamo mwenye buibui jeusi na viatu vya mpira. Jina lake ni Rahema, wa mtaa wa Majimbo, Embu mjini, na leo yuko nasi. Yeye na mwanawe Idrisi hukaanga krispi za viazi za kuuza madukani na mashuleni. Aliuliza watu waliokuwa kando ya barabara, "Yuko wapi yule mama aliyekataa kushona?"

Dereva mmoja wa lori alikuwa amelisimulia jambo lile mezani pake pa kuuzia krispi kama kichekesho. Watu wote walicheka isipokuwa yeye.

Tulimwonyesha kwa kidevu. Akavuka.

"Mama, mimi nanunua kwa kilo," alimwambia Kiende. "Nikinunua kwa macho sijui krispi yangu imenigharimu nini. Utanipimia bila kunidanganya?"

"Nimekataa kumdanganya jirani yangu, nije nikudanganye wewe uliyetoka mbali?"

"Basi nipimie magunia thelathini."

Thelathini! Kiende na Mzee Muthamia wasingeweza peke yao. Kiende akavuka barabara, akaja mpaka tulipokuwa tumekaa, akasema, "Riungu, leta wale wenzako. Kuna kazi."

Tukaenda.

MAFANIKIO

Rahema alirudi baada ya wiki mbili. Kisha wakaja wenye mahoteli ya Nanyuki, kisha shule tatu za bweni. Wakulima waliposikia kuna mahali gunia ni kilo hamsini na mizani inasomwa mbele yako, walileta viazi hata kwa punda. Leo tuna wachambuzi, waoshaji, wapimaji na watunza mbegu. Vijana kumi na mmoja wamerudi kutoka mjini, na wawili kati yao wamejenga.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, katika ratiba uliyopewa huenda umesoma kwamba kituo hiki kimeleta ajira mia tatu. Tunaomba radhi. Nambari hiyo ilitoka kwetu, tena kwa mwenyekiti wetu Munyi, ambaye hakuwa na nia mbaya. Tulimhesabu kila mtu kila wiki aliyoitwa kazini, hata kama ni yuleyule. Tulipoisoma rasimu kwenye kikao, Kiende aliinua mkono akauliza, "Mbona hii hesabu imevaa kilemba?"

Munyi akajitetea kwamba viongozi hupenda nambari kubwa, na tukitaja ndogo watapeleka macho kwingine.

"Wapeleke," Kiende akasema. "Lakini wakiondoka hapa wakidhani tumeshiba, nani atatuletea chakula?"

Tulihesabu upya. Sisi ni watu sitini na wanane. Kati yetu, ishirini na wanne wana kazi siku sita za wiki. Waliobaki huitwa siku mbili au tatu, na miezi ya kiangazi hawaitwi kabisa. Hakuna hata mmoja mwenye barua ya kazi. Mpakiaji mwenzetu Njue aliumia mgongo mwaka jana, na matibabu yake yalitoka katika harambee ya kanisa. Tunayasema haya bila kunung'unika. Ndiyo hali yenyewe.

Tena, ukitoka hapa mwendo mfupi tu, mukurino bado unashonwa mchana kweupe. Mnunuzi akiukosa hapa anaupata pale. Kila msimu wa viazi vingi, wakulima wetu hujaribiwa, na sisi pia.

MAOMBI

Tunaomba sheria ya kilo hamsini ifuatwe kila mahali pa kupakia, si Kiirua tu. Uaminifu wa kijiji kimoja hauwezi kulisha kaunti nzima.

Tunaomba ghala hili ulilolifungua lisikae tupu. Tupatiwe mbegu safi kwa wakati, na mtaalamu wa kutufundisha kuhifadhi, ili miezi ya kiangazi nayo iwe na kazi.

Tunaomba barua za kazi kwa wanaostahili, na bima ya anayebeba mzigo.

Tunaomba vyoo vya wanawake. Jambo hili liliandikwa mwisho, likafutwa kwa haya, likaandikwa tena.

NENO LA MWISHO

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wajumbe wetu sita walienda kwa Kiende. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Riungu kurudi pale tangu ile siku. Walitaka kumwomba msamaha. Miaka imepita tukila kazi yake, na hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kazi niliyokosa sikuihesabu. Chama mlichonitoa nilikisahau. Jambo lililoniuma ni kwamba kwa miezi minne na nusu nilipita barabara hii kwenda kung'oa magugu, na hakuna aliyenisalimu. Nilikuwa nasalimu mimi, nanyi mnaangalia mlima."

Riungu alimwambia, "Mama Mutegi, tufanye nini?"

"Mlininyima salamu barabarani, watu wakiona. Nipeni mbele ya watu. Kisha tusilizungumze tena."

Mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie. Jambo hili halimo katika ratiba. Sisi wenzake sitini na saba sasa tunasimama. Tunageuka kuelekea safu ya tatu.

Mama Mutegi, tunakusalimu kwa salamu ya nyumbani: muuga.

Tunasimama hivi mpaka utakapoitikia.

Mungu wa mvua na mavuno akulinde mgeni rasmi, akusindikize njia ya kurudi, na akukumbushe yale tuliyoyasema. Awabariki wanaolima na wanaonunua kwa haki.

Ni sisi,
Wachambuzi, Wapimaji, Washonaji na Wapakiaji wa Viazi,
Kiirua.