Mama Taratibu Anaiaga Wodi ya Mifupa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya mifupa, mwenzetu wa tiba ya viungo, ambaye wagonjwa humwita Mama Taratibu, anastaafu tarehe 30 Juni. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa mwenyewe hapendi mtu apambwe kwa uongo.

Jina hilo alipewa na wazee. Kila aliyevunjika nyonga na kuanza kujifunza upya kutembea alimsikia nyuma yake: "Taratibu, mzee wangu. Haraka ndiyo iliyokuleta hapa." Kandambili alizipiga marufuku. Siku moja mwalimu mkuu mstaafu na bibi mmoja muuza vitambaa walishindana kufika dirishani, kila mmoja na fremu yake ya kutembelea. Aliwakalisha wote wawili kama watoto watukutu, kisha akaenda stoo kucheka peke yake.

Vicheko hivyo vilikuwa vichache. Miaka mingi iliyopita alimhudumia fundi mwashi mzee, mgane, aliyeanguka akibadilisha balbu. Alipona vizuri, ila siku ya kuruhusiwa akaikataa fremu. "Nyumba ile nimeijenga kwa mikono yangu," alisema. "Naijua hata nikifumba macho." Binti yake aliipakia garini hivyo hivyo.

Mwezi haukuisha, mzee akarudishwa, nyonga ya pili imevunjika. Alijikwaa kwenye kizingiti cha bafu, alichokijenga mwenyewe ili maji yasitoke nje. Safari hii hakuinuka. Homa ya mapafu ilimkuta kitandani ikaondoka naye.

Baada ya mazishi binti alikuja kurudisha fremu, bado imefungwa nailoni yake. Mama Taratibu alimuuliza kama mle bafuni kulikuwa na kitu cha kushikilia.

"Hakuna, mama. Wala hakuna aliyewahi kutuuliza."

Alisema kwa upole, bila lawama. Afadhali angelaumu.

Tangu hapo Mama Taratibu hakukubali mzee yeyote aende nyumbani kabla hajaiona nyumba yenyewe. Alikwenda hata siku zake za mapumziko. Alichuchumaa kwenye mabafu ya watu, akapapasa sakafu, akaomba vyuma vya kushikia vifungwe ukutani, nyaya zisogezwe, vitanda vishushwe. Kuna wana wa kiume walionuna wakiona wanaingiliwa. Aliwaacha wanune, akarudi wiki iliyofuata kuangalia kama wamefanya. Leo ziara hizo ni kazi rasmi ya idara yetu. Wanaorudi wamevunjika mara ya pili wamepungua. Hawajaisha, na kila anayerudi humkosesha usingizi.

Mwaka jana akaanguka yeye. Alikuwa kwake, akiinuka kwenda kupokea simu ya mwanawe. Nyonga. Tulidhani atakuwa mgonjwa mwepesi kuliko wote, kwa kuwa kila zoezi analijua. Siku ya kumsimamisha nilipangiwa mimi. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na hakuuachia.

"Mwenzangu," aliniambia, "miaka yote nawaambia wasiogope. Kumbe sikujua ninawaambia nini."

Nilikaa kando yake mpaka chakula cha mchana kikaletwa, na siku hiyo hakusimama. Wala kesho yake. Siku aliposimama alilia, machozi yakamtiririka mpaka shingoni, na sikuweza kumfuta kwa sababu mikono yangu yote ilikuwa imemshika.

Hajawa kama zamani, na hatutasema amepona ili sherehe ya kumuaga ipendeze. Mumewe anasema hutoka nje mara chache, na hata sebuleni hufikiria kwanza kabla ya kunyanyuka. Lakini hunyanyuka.

Mama Taratibu, asante kwa niaba ya wote uliowasimamisha, na ya wale ambao hukuwahi kuwasahau. Tunakuombea siku za utulivu, sakafu kavu, na mkono wa kukushika usiokuharakisha.

Wenzangu, siku ya hafla atatembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi meza kuu. Kelele za ghafla humshtua. Ameomba makofi yasubiri mpaka aketi.