Vyoo Kumi Bila Mlango na Kopo la Ebla

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya; mzee wetu wa kijiji, Duale; wakuu wa kambi; baba zetu na mama zetu: asalaam aleikum.

MAKARIBISHO

Karibu Kijiji cha Pili. Umepita vumbi na jua kuja kutufungulia vyoo, nasi tumekaa hapa tangu asubuhi kukungoja. Kulikuwa na risala nyingine, tuliyoandikiwa na karani, Bwana Musembi. Ile inasema tuna furaha. Tumemrudishia kwa heshima. Hii tumeitunga wanawake wenyewe, nami ninaisoma kwa kuwa nilifika darasa la nne kabla shule yetu haijafungwa.

HISTORIA

Zamani hatukuwa na vyoo. Tulihama na ngamia, na pori lilikuwa kubwa. Mwanamke aliondoka alfajiri na kopo lake la maji, akaenda mbali, akajisitiri, akajisafisha kama dini inavyotuamuru, akarudi. Hakuna aliyemuuliza alikotoka.

Mwaka jana serikali ilituleta hapa kwa sababu ya vita vya shifta, wale waasi wa porini, ikatuzungushia seng'enge. Lango ni moja. Linafungwa jua likizama, linafunguliwa jua likishachomoza. Wanaume hutoka na mifugo wakilindwa, na huko malishoni wana vichaka. Sisi tunaruhusiwa kutoka asubuhi mara moja tu, kisha tunabaki ndani.

MAFANIKIO

Vyoo kumi vimekamilika na kupakwa chokaa. Ni visafi kuliko nyumba zetu. Ni visafi kwa sababu hakuna mwanamke aliyeingia hata mara moja.

MATATIZO

Mgeni rasmi, vyoo hivyo havina milango. Tuliambiwa milango itaficha shifta. Vimejengwa chini ya mnara wa ulinzi, na askari aliye juu anaona mpaka ndani. Tena vinatazama kaskazini, yaani kibla. Mtu akichuchumaa anaielekea Makka. Akigeuka anaipa mgongo. Yote mawili tumekatazwa. Waliojenga hawakutuuliza. Lingetosha swali moja, kwa mtoto yeyote wa hapa.

Kwa hiyo tunajizuia. Kuanzia adhuhuri hatunywi maji, ili tuvumilie mpaka lango lifunguliwe. Wanaonyonyesha, maziwa yamepungua. Mama Arbia mkojo wake sasa una damu. Halafu inaandikwa kwamba sisi ni wakaidi, hatupendi usafi. Sisi, tusiokwenda haja bila maji!

Maji hayo ndiyo yaliyotuletea balaa. Siku kumi na moja zilizopita tulipanga mstari langoni asubuhi. Mbele alikuwa Ebla, mwenye mtoto mchanga, na kopo lake mkononi. Askari wa zamu, Kinoti, akamsimamisha.

"We mama, maji ya nani hayo?"

Ebla akainamisha kichwa.

"Nauliza, unampelekea nani maji huko porini?"

Akalishika kopo kwa mikono miwili.

"Shifta wake hana kiu sana," mwenzake akacheka. "Kopo moja tu!"

Mama Arbia akapaza sauti kutoka nyuma: "Wewe askari, kwenu watu hawaendi choo?"

Tukacheka. Kicheko hicho kilimponza Ebla. Kinoti alilipiga kopo kwa rungu, likamwagika.

"Choo kile pale! Vyoo kumi! Sasa huyu anabeba maji kwenda porini ya nini? Mbona hasemi? Anayenyamaza ana la kuficha."

Tangu siku hiyo Ebla amefungiwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya kambi. Mtoto wake ananyonyeshwa na Qali, ambaye ana mtoto wake pia. Kesho Ebla anapelekwa Garissa kushtakiwa kwamba anawasaidia shifta.

Ebla hakuficha kitu. Aliona haya. Kwetu mwanamke hamwambii mwanamume wa kando kwamba anakwenda haja, na kwamba maji haya ni ya kujisafishia. Mimi ninayesoma nilisimama nyuma yake. Kiswahili cha kumjibu askari nilikuwa nacho. Nami niliona haya.

Leo tumelisema, mbele ya wanaume wote hawa. Tazama, hakuna aliyekufa kwa kulisikia.

MAOMBI

Tunaomba Ebla atolewe leo, kabla gari lako halijaondoka.

Tunaomba vyoo vigeuzwe, viwekewe milango na kusogezwa mbali na mnara. Kuchimba tutachimba wenyewe, mikono tunayo.

Tulikuwa na ombi la tatu, la shule. Tumelifuta, lisije likajibiwa hilo na la kwanza likasahauliwa.

Mgeni rasmi, utepe umeshafungwa na mkasi uko mezani. Kando ya mkasi tumeweka kopo la Ebla, lililobonyezwa na rungu. Lishike, uone linabeba maji kiasi gani. Kisha, tunakuomba radhi, kabla hujakata utepe ingia choo cha kwanza, chuchumaa, utazame juu. Ukimwona askari, jua naye anakuona.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwako, na awasitiri mkeo na binti zako, wasiulizwe langoni tulichoulizwa sisi.

Ni sisi wanawake wa Kijiji cha Pili: mia moja arobaini na mmoja tulio hapa mbele yako, na mmoja aliye kwenye kibanda cha bati.