Watu Thelathini na Wanne Ndani ya Sarafu Moja

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la fotokopi, na asubuhi hukaliwa na watu ambao kazi zao haziwahitaji au, kama mimi, hawana kazi kabisa. Spana ni fundi pikipiki: hufungua injini ya mtu, huitawanya chini, kisha huja kunywa kahawa huku mwenye pikipiki akilia kwenye simu. Shemeji ni shemeji wa mtaa mzima, ingawa dada aliyemletea cheo hicho hajawahi kuonekana. Karani alistaafu, kalamu yake ikagoma kustaafu, na sasa ni katibu wa kamati ya shule. Mimi wananiita Digrii, na wanavyolitamka ungedhani ni ugonjwa wa ngozi. Sanaa za uchoraji, upper second, miaka mitatu nyumbani kwa mama. Asubuhi hiyo katikati ya vikombe kulikuwa na sarafu ya shaba, upana wake sentimita nne, na ubaya wake hauna kipimo.

Kisa chake ni kifupi. Shule ya msingi iliungua adhuhuri moja, miaka sita iliyopita, na majirani walijipanga mstari kutoka bombani hadi madarasani wakipokezana ndoo. Watoto wote walitoka wazima. Nilipomaliza chuo niliuchora mstari ule kwenye ukuta wa shule, mita kumi na mbili, watu thelathini na wanne, bure kabisa, for exposure, ati nijulikane. Sasa kamati imeamua kila familia ipewe sarafu ya kumbukumbu, Jumamosi hii. Mwenye karakana ya kugonga sarafu aliniambia waziwazi: niletee mchoro unaogongeka vizuri, nafasi ya mchoraji kwangu ipo. Nikapeleka mikono miwili inayopokezana ndoo. Kamati ikaukataa kwa dakika nne, ikiuliza hiyo mikono ni ya nani. Ikaamuru waingie watu wote. Basi wameingia, sampuli ndiyo hiyo, na kabla ya saa sita Karani anatakiwa apeleke fomu yenye saini mbili, yake na yangu.

— Nimewahesabu kwa lenzi ya kusomea gazeti, alisema Karani. Thelathini na wanne. Hakuna aliyedhulumiwa.

— Hao si watu, mzee wangu. Huo ni upele.

— Digrii, punguza maringo.

— Ukutani kila mtu ana kimo changu mimi. Hapa kila uso ni nusu ya punje ya mchele. Chuma hakina rangi, hakina kivuli. Kina juu na chini, basi. Ukichonga mstari mwembamba kupita kiasi kwenye muhuri wa kugongea, sarafu ikigongwa haujitokezi. Pua, macho, ndoo, vyote vinakuwa uvimbe mmoja.

— Mimi naona tatizo ni mashine, akadakia Spana. Hawakugonga kwa nguvu. Waongeze tani hamsini, utaona hata meno.

— Ukigonga upele kwa nguvu zaidi unapata upele bapa.

— Wewe umewahi kufungua injini?

— Na wewe umewahi kuirudisha?

Shemeji alicheka hadi kahawa ikampalia. Kisha akajifuta mdomo na kutoa ya kwake.

— Chuma hupanuka kikipata moto, ndiyo au siyo? Basi ichemsheni hiyo sarafu polepole, siku mbili. Nyuso zitaumuka kama unga wenye hamira. Ikishapoa, kila mtu ana mashavu yake.

— Na sarafu yenyewe ikipanuka?

— Kwani mna haraka gani? Iwe kubwa tu. Mtu ataitundika ukutani.

— Ukutani tayari wapo! nikapiga kelele. Ndiko walikotoka!

— Ndiyo maana nasema warudi.

Naomba nieleweke: kila mtu kwenye benchi lile alikuwa na wake mle ndani. Spana ana mjomba. Karani ana mke na wifi wa mke. Shemeji amejiweka mwenyewe. Siku ya moto alikuwa ng'ambo ya barabara ameshika redio, mtaa mzima ulimwona, lakini nilipokuwa nachora alikuja kila siku kunibembeleza, na siku ya mwisho nikachoka nikamtia pembeni. Hana ndoo. Ndiye wa thelathini na nne.

— Tupunguze wasiokuwepo, nikasema huku namkodolea macho.

— Shemeji yako huyo, akasema Shemeji kwa uchungu. Unamfuta shemeji yako?

— Hafutwi mtu, akakata Karani. Familia itakayokosekana italala mlangoni kwangu.

Spana alikuwa ameokota kipande cha chaki na anachora kwenye ubao wa benchi.

— Sikilizeni, acheni ushamba. Nani kasema sarafu lazima iwe mviringo? Itengenezwe gia. Meno thelathini na manne, kila jino mtu mmoja. Mjomba ana jino lake, mama ana jino lake. Na ikizungushwa, wanapokezana maji.

— Inazungushwa na nini?

— Na gia nyingine. Kila familia ikija na yake Jumamosi tunaziunganisha, tunafunga mota. Shule inapata hata umeme.

Karani, Mungu amsaidie, aliandika hilo kwenye daftari.

— Huko nilikosoma haya yana jina, nikasema. Design by committee.

— Ahsante, akajibu Karani, akakaa wima. Na sisi tumefuata taratibu zote.

Unabishana vipi na mtu anayepokea tusi kama sifa? Akanisogezea fomu.

— Saa tano na nusu. Weka saini.

— Nikisaini, mwenye karakana atajua hii takataka nimeiidhinisha mimi. Ile kazi niisahau.

— Usiposaini, wanagonga nembo ya shule. Kamati imeshapitisha. Kitabu na mwenge. Hapo hatakuwemo mtu hata mmoja, na nitawaambia watu wote ni wewe uliyewatoa.

Kitabu na mwenge! Nembo ya kila shule tangu dunia iumbwe. Nikaishika kalamu. Sitasema uongo, niliishika na nikaishusha kwenye karatasi. Nilikuwa nimechoka, na mama alishaanza kuniuliza kila jioni kama chuoni walinifundisha kitu kingine chochote.

Hapo ndipo dada mmoja akatoka dukani na nakala zake mkononi. Fundi cherehani; futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Hakuwa mtu wa kijiweni.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia wakubwa.

— Samahani, nimesikia mkiitaja sarafu ya watu wa ndoo. Ndiyo hiyo? Naweza kuishika?

Karani akampa kwa mikono miwili, kama anakabidhi nishani. Dada akaigeuza juani, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

— Mama alikuwemo mstarini. Tumemzika mwezi wa pili.

— Pole sana, mwanangu.

— Ahsante. Ukutani namjua hata kwa mbali, ndala moja imemchomoka. Hapa mama ni yupi?

— Yupo, akasema Karani haraka. Wote wapo. Wa kumi na tisa.

Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika kumi na moja akapotea. Akaanza upande wa pili, Spana akamzuia: huyo ni mjomba. Shemeji akasema huyo si mjomba, huyo ni yeye. Wakaazima tochi ya simu. Safari hii wakapata thelathini na watatu, na kila mmoja akamtuhumu mwenzake kuruka mtu. Dada akasubiri, kidole tayari kimenyooshwa, kielekezwe pa kugusa.

Mwishowe wakanigeukia mimi.

— Si uliwachora wewe, Digrii? Mwonyeshe mwenzio.

Yule mama nilimchora siku tatu. Nakumbuka vidole vya mguu ule ulio peku, jinsi vilivyokamata tope asiteleze. Nikaichukua sarafu, nikaiinamisha huku na huku.

— Sijui, dada. Nisamehe.

Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliiweka taratibu kati ya vikombe, akazikusanya nakala zake.

— Haina neno. Nitakuwa napita tu shuleni.

Akaondoka. Spana akaona ghafla kwamba ana injini ya kurudisha. Shemeji akawa anasoma kikombe chake. Karani akaivuta fomu kutoka chini ya mkono wangu, akaikunja bila saini.

— Yule mwenye karakana, akauliza, saa hizi simu anapokea?

— Anapokea.

— Basi mpigie wewe kuhusu ile mikono yako miwili, akasema. Mimi sitajua pa kuanzia.