Mama Winnie na Miwani Mia Nne za Nkololo

Bi. Anyesi Shigela, sisi tunamwita Mama Winnie, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia kliniki yetu ya macho hapa Bariadi miaka thelathini na moja. Kumi na sita ya mwisho ameshinda na mashine ndogo inayopima kama miwani inazuia mionzi ya jua isiyoonekana, ile inayowachoma macho wakulima na wachungaji polepole mpaka yanaota nyama.

Kabla hujaitikia salamu yake ya mwangaluka, miwani yako imeshatoka usoni iko kwenye mashine. Harusini kule Nyashimo aliwapima miwani wapambe wa bwana harusi, wakafeli wote, akampa MC matokeo kabla keki haijakatwa. Bibi harusi hajamsamehe hadi leo.

Mwaka juzi uongozi ulileta miwani mia nne za kuwagawia wakulima wa pamba wa Nkololo mbele ya wageni wakubwa. Maturubai yameshafungwa, fulana zimeshachapwa, imebaki sahihi ya Mama Winnie tu, jambo dogo. Akapima. Miwani nyeusi tii, na mionzi inapita kama kawaida. Akaeleza kwa upole kwamba hiyo ni mbaya kuliko kutovaa kabisa, maana nyuma ya giza lile mboni inatanuka na kupokea mionzi zaidi.

Akaonyeshwa kibandiko kwenye kioo, kile ambacho huku hatukibandui ili watu wajue miwani ni mpya. Kimeandikwa kinga asilimia mia. Tulikaa vikao vitatu kumwelewesha kwamba kibandiko kimetoka kiwandani na yeye ametoka kijijini Mwamanyili. Kikao cha tatu alikibandua, akakibandika kwenye chujio la chai, akamsogezea mkurugenzi wetu wa wakati ule, Dk. Athanasi.

“Bosi, basi vaa hili.”

Akahamishiwa stoo ya mafaili miezi saba, eti apumzike. Sahihi yake ikakosekana, sherehe ikaahirishwa. Mwaka uliofuata wakulima walipata miwani za kweli, na hotuba ikausifu sana umakini wa uongozi.

Mihutasari ya vikao vile niliandika mimi, Keneth. Na fomu ya kupokea mzigo nilisaini mimi, bila kufungua boksi hata moja. Kwenye orodha ya kugawiwa, jina la kumi na mbili lilikuwa la mama yangu mzazi. Naona aibu mpaka leo.

Mama Winnie, nenda nyumbani ukapumzike, ukale kwa raha, uwe na afya na miaka mingi. Asante kwa kukataa kutusikiliza. Mama anakusalimu; bado anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe.